Tajiri abaki dume au ahasiwe?

Karibu miezi miwili nilikuwa silali vizuri kwa sababu ya punda. Kuna mtu atasema punda tu, lakini kwetu punda ndo maji, ndo kuni, ndo mazao kutoka shambani, ndo mtoto kuwahi shule, na huyu ninayemsema nimeshika kamba yake tangu wiki aliyozaliwa, kwaiyo naandika nitoe kilichopo moyoni na pengine kuna mfugaji kakwama palepale nilipokwama mimi.

Anaitwa Tajiri. Ana mwaka mmoja na miezi nane, dume, kijivu iliyokolea, ule msalaba wa mgongoni umeshuka mabegani mweusi tii kama mtu kachora na mkaa. Kwetu ni upande wa Mvumi, mi nashinda mjini nina fremu ya vipuri vya bodaboda pale Majengo ila Jumamosi jioni nafunga napanda gari naenda nyumbani. Sasa mwezi wa tano nimefika nakuta wageni wawili wamekaa na baba chini ya mbuyu, wametoka kijiji cha pili, wamekuja kwa ajili ya Tajiri. Kati yao wana majike saba. Wanataka akikomaa awe anawapandia, na kila jike watatoa madebe mawili ya mtama. Baba anacheka mpaka jino la mwisho linaonekana, yaani muda mrefu sijamwona vile.

Walipoondoka mjomba, ambaye miaka mingi kaendesha mkokoteni wa punda kule sokoni Kibaigwa na alikuwepo siku hiyo kaja kumsalimia mama, akauliza kitu kimoja tu. "Shemeji, dume la punda linataka zizi. Zizi lako liko wapi?" Baba hakujibu. Ukweli sisi zizi la kumfungia dume hatuna, tuna boma la miiba la mbuzi na punda wanalala nje ya boma, basi.

Baba alitaka abaki dume na sababu zake sio za mtama peke yake. Wanaokaa Dodoma wanakumbuka ile miaka ya biashara ya ngozi, ngozi ya punda inachemshwa China wanatoa gundi ya kutengenezea dawa yao, basi huku punda wakawa wanaisha. Wengine waliuzwa kihalali, wengine waliibiwa usiku, asubuhi unakuta mzoga porini hauna ngozi. Mtoto wa kwanza wa Neema, huyo Neema ndo mama yake Tajiri, aliondoka hivyo. Alikuwa na miaka miwili. Nilienda na baba tukamkuta kwenye vichaka vya mikongo kama kilomita mbili hivi na baba alivua kofia akasimama kama yuko msibani. Baadaye serikali ikapiga marufuku, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika kule Addis Ababa wakakubaliana kwa bara zima kwamba punda wasichinjwe kwa ajili ya ngozi. Ni jambo jema sana, lakini marufuku hairudishi waliokwisha kwenda.

Na punda harudi haraka. Mbuzi wawili ukiwaacha miaka mitatu unakuta kundi, punda jike anabeba mimba mwaka mzima, mara nyingi siku 365 na zaidi kidogo, wengine wanafika miezi 13, na anazaa mmoja, pacha ni nadra sana. Akishazaa ananyonyesha nusu mwaka au zaidi na wakati huo huo unambebesha maji, akikosa chakula cha kutosha hashiki tena mapema. Neema ndani ya miaka kumi kazaa watano tu na huyo ni jike mzuri. Kwaiyo baba akisema "dume zuri likipotea tumepoteza wengi" hakosei, maana jike atakupa mtoto mmoja kwa mwaka na nusu au miwili wakati dume mmoja msimu huo huo anaweza kuacha kumi, kumi na tano.

Ila hapohapo ndo na mimi nikaanza kuogopa. Kama dume anasambaza uzuri wake kwa wingi namna hiyo basi na ubaya wake anausambaza vilevile. Wenzetu wa farasi wamelijua hili zamani, wale farasi wa mashindano wa Uingereza ukifuata ukoo wa kiumeni unaishia kwa madume matatu tu walioletwa kutoka mashariki miaka ya 1600 na 1700, Byerley Turk, Darley Arabian na Godolphin Arabian, na kitabu chao cha ukoo kilianza kuchapwa 1791. Madume watatu! Huku kwetu ng'ombe wana angalau pa kushika, Mpwapwa palepale mkoani kwetu walikaa miaka wakichanganya wa kienyeji na wa kigeni mpaka ikatoka aina inayoitwa Mpwapwa, na ukitaka mbegu ya dume bora kuna kile kituo cha uhimilishaji Usa River, Arusha. Punda hana kituo wala daftari. Daftari la punda wetu ni kichwa cha baba, na kichwa cha baba kinajua upande wa mama tu, kwa sababu mavuno yakishatoka shambani punda wote wa kijiji wanaachiwa wajitafutie, na nani kampanda nani huko anajua Mungu.

Nikawa namwambia baba basi tumwache apande majike mawili matatu, tuone watoto, halafu ndo tuamue. Nikaona nimepata njia ya kati. Ila kaa upige hesabu. Sasa hivi ana mwaka na miezi nane. Dume wa punda anaanza fujo mapema, wengine mwaka tu tayari, lakini kumtegemea kwa mbegu ni vizuri afike miaka mitatu. Ongeza mwaka wa mimba. Mtoto azaliwe, umwangalie angalau mwaka mmoja miguu yake, meno yake, tabia yake, na kama unataka kujua atabeba mzigo vipi inabidi umngoje afike miaka minne. Yaani ukija kujua kama Tajiri ni dume zuri au baya yeye mwenyewe ana miaka mitano au nane, keshazoea udume, na kumhasi umri huo kidonda ni kikubwa, damu ni nyingi zaidi, na tabia aliyoizoea inaweza isiondoke hata baada ya kuhasiwa. Umri mzuri wa kuhasi ni kuanzia miezi sita mpaka mwaka na nusu hivi, na sisi tulishaanza kuupita.

Kwaiyo uamuzi unaufanya kabla hujaona kazi yake. Hapo ndo usingizi ulikuwa unakatika.

Mwezi wa sita likatokea la korongoni.

Korongo letu kiangazi linakuwa mchanga mtupu, watu wanachimba visima vifupi wanachota na kata, unangoja maji yajikusanye, unachota tena. Asubuhi kuna foleni, madumu ya njano kila mahali, wanawake na watoto, na punda wamesimama wanangoja kufungiwa mzigo. Mpwa wangu ana miaka 11, ndo anaenda na Neema, madumu manne ya lita 20, na Tajiri anafuata nyuma kwa kamba, yeye hajabebeshwa kitu bado. Siku hiyo nilikuwepo. Upande wa pili wa foleni kulikuwa na jike la jirani, nikaona linatafuna hewa. Asiyefuga punda hawezi kulielewa hili, jike likiwa kwenye joto linanyoosha shingo, linalaza masikio nyuma na mdomo unafunguka unafunga unafunguka unafunga kama linatafuna na ndani hamna kitu, mate yanachuruzika pembeni. Tajiri akainua kichwa. Mdomo wake wa juu ukajikunja ukapanda mpaka ufizi wote ukaonekana, akakaa hivyo kama kaganda, pua juu, halafu akalia, ule mlio wa kuvuta ndani na kutoa nje ambao kifua kizima kinatikisika, na kabla sijafika kashaondoka.

Mpwa wangu kamba alikuwa kaizungushia mkononi.

Kavutwa kwenye mchanga kama hatua kumi. Watu wanapiga kelele, madumu yanaanguka, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni karuka pembeni. Nilimkuta Tajiri keshafika kwa jike na jike linampiga mateke, nikashika kamba karibu na kichwa nikamzuia. Mtoto kanyanyuka mwenyewe, mchanga mdomoni, mkononi ngozi imechunwa mviringo kama bangili, nyekundu, imeanza kutoa majimaji. Akaniambia, "Mjomba usimpige."

Sikumpiga. Na kwa kweli Tajiri hakuwa na kosa, alifanya kile dume anachofanya. Kosa ni letu wakubwa, kwanza kutomfundisha mtoto kwamba kamba ya punda haizungushwi mkononi hata siku moja, unaishika mkunjo mkunjo iweze kuchomoka, pili kumpa mtoto wa darasa la tano dume linalopevuka alipeleke sehemu yenye majike kumi. Watu wa farasi dume lao linashikwa na mtu mzima, lina banda lake, lina uzio wake. Kwetu punda ni mnyama wa kina mama na watoto. Ndo wanaoamka naye na ndo wanaorudi naye, huwezi ukasema unabakisha dume halafu mkono utakaolishika usiuhesabu.

Hata hivyo baba alikuwa bado, na mi kusema ukweli nilikuwa bado. Nilimpenda sana. Alivyo mzuri unaweza ukasimama ukamwangalia tu.

Tukamwita afisa mifugo wa kata, huku tunamwita dokta, kijana mpole sana na mikono yake haina haraka. Alimzunguka kwanza bila kumgusa, kama dakika tano nzima. Akamtembeza akitazama kutoka nyuma kama miguu inaenda sambamba au magoti ya nyuma yanasuguana. Akafungua mdomo, akaangalia kama meno ya juu na ya chini yanakutana, maana kuna punda wa juu yanatangulia kama kasuku, hao nyasi fupi hawazikati vizuri na ni kitu cha kuzaliwa nacho. Meno bado ya utoto yote. Akanyanyua kwato moja moja akazigonga na ukucha. Halafu akapitisha mkono katikati ya miguu ya nyuma akapapasa taratibu, Tajiri kakaza mgongo ila katulia, akasema korodani zote mbili zimeshuka, ziko sawa. "Huyu kwa umbo sina cha kumkosoa." Baba akanitazama.

Halafu dokta akauliza, huku ananawa mikono, "Ndugu zake wakoje?"

Tukatazamana. Watoto watano wa Neema. Wa kwanza aliibiwa. Wa tatu alichukuliwa na fisi ana miezi mitatu. Tajiri ni wa tano. Wakabaki wawili ambao baba aliwauza wakiwa wadogo, jike yuko Hombolo na dume yuko Bahi. Dokta akasema kama mtoto wa Tajiri hatuwezi kumwona kabla ya kuamua, basi cha karibu zaidi tunachoweza kuona ni waliotoka tumbo moja na yeye. Nilijisikia vibaya kwamba miezi yote hiyo nilikuwa namwangalia Tajiri tu, asubuhi Tajiri, jioni Tajiri, wazo hilo sikuwa nalo.

Hombolo nilienda Jumapili na pikipiki. Mzee aliyemnunua yule jike bado yupo, ana shamba la zabibu, nikampa shikamoo yake nikamwambia mi mtoto wa fulani wa kule Mvumi aliyekuuzia punda. Akanishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba bila hata kuuliza nataka nini. Yule jike kalala chini na mjukuu wa mzee kamlalia ubavuni anachezea masikio. Kazaa mara mbili, zote kazaa mwenyewe usiku bila shida, anabeba maji, anabeba makreti ya zabibu msimu wa mavuno, mzee akamnyanyua mguu wa nyuma bila kamba, bila kumwambia kitu, akanionesha kwato, ngumu, mviringo safi, hajawahi kuchechemea. "Huyu ni mtu wa nyumbani," mzee akasema. Nilirudi nimejaa furaha, nikampigia baba simu njiani kabla sijafika hata Ihumwa, nikamwambia naona Tajiri abaki. Baba akasema Alhamdulillahi, na baba ni Mwanglikana, nikajua jinsi gani amefurahi.

Bahi nilienda wiki iliyofuata, nikidhani naenda kukamilisha tu.

Mwenyewe ni mama mmoja analima mpunga, mume alishafariki. Nilimsalimia, nikajieleza, akakaa kimya kidogo halafu akasema twende ukamwone ndugu yako. Alikuwa kafungwa kwenye mgunga mbali na nyumba, kamba mbili, moja shingoni moja mguuni, na chini ya ule mti kuna duara, ardhi imekanyagwa mpaka vumbi limekuwa kama unga, maana huko ndiko anakozunguka mchana kutwa. Anafanana na Tajiri mpaka nilishtuka. Msalaba uleule. Shingoni ana makovu ya kamba, juu ya macho ana alama za kugombana na madume wenzake. Nikasogea akalaza masikio, mama akanivuta shati nyuma.

Stori yake ni hii. Alipofika miaka miwili alianza fujo, mama akamwita mtu anayehasi ng'ombe na mbuzi. Yule mtu kapapasa kakuta korodani moja tu, akaitoa hiyo, akala hela yake, akasema kazi imekwisha. Mama akajua ana maksai. Kumbe ile ya pili ipo tumboni haijawahi kushuka, na hata ikiwa ndani inaendelea kumpa udume wote, mtoto anaweza asimpe maana ndani ya tumbo kuna joto kali mno kwa mbegu, ila hasira na fujo vipo palepale. Mwaka jana alimng'ata kijana wa yule mama begani wakati anamfunga nira, mfupa ukavunjika. Kumuuza hawezi maana kila mtu pale anamjua, kumwachia hawezi, kumfanyia upasuaji wa kufungua tumbo ni gharama na anayeweza kuufanya hayupo karibu. Mpunga wake sasa anakodisha mkokoteni wa watu. Alinieleza bila kulaumu, na kunilaumu mimi au baba ilikuwa haki yake.

Nikampigia dokta nimesimama palepale kando ya jaruba. Akaniuliza mara mbili kama nina uhakika huyo ni mtoto wa Neema. Akasema korodani kutoshuka ni kati ya vitu ambavyo wanaojua wanyama hawa wanaviona vinatembea kwenye ukoo, ndo maana dume wa hivyo haruhusiwi kuwa wa mbegu, na ndugu yake hata kama yeye mwenyewe yuko sawa anaweza akawa kabeba bila kuonesha. Inaweza ikawa imetoka kwa baba yao, ambaye hatumjui, na hatujui kama baba yao ni mmoja. Inaweza ikawa imepitia kwa Neema. Akasema, "Sikuamulii, ila hao majike saba watazaa madume wangapi?"

Nilikaa kwenye kituo cha Bahi nangoja gari la kurudi mjini zaidi ya saa nzima na magari yalikuwepo, nilikuwa sitaki tu kupanda.

Tajiri ni mzima. Hana kasoro hata moja ya kuonekana. Hilo ndo lilikuwa gumu kumeza, kwamba unamhasi mnyama mzuri kwa kitu ambacho huenda hata hana. Lakini nikawa naliona lile duara la vumbi chini ya mgunga, halafu nalizidisha mara kumi, kwenye nyumba kumi za watu kama yule mama, na kwenye kila nyumba kuna mtoto anashika kamba. Na hao wote watakuwa wametoka kwetu, kwa madebe mawili ya mtama. Kama tungekuwa na zizi, kama punda wetu wangekuwa na daftari, kama tungeweza kuwafuatilia watoto wake mmoja mmoja na kuwahasi madume wote mapema, labda ningesema tujaribu. Hatuna hivyo vyote. Nikiwa kwenye gari nilikuwa nimeshaamua, na usiku ule nililala.

Baba nilimwambia ana kwa ana, sikutaka simu. Nilimweleza yote mpaka makovu. Alichukua muda mrefu anachora chini na kijiti. Kisha akasema, "Mwite dokta sasa hivi upepo upo, mvua zikianza nzi watarudi." Akaingia ndani. Mama akanipa ishara nisimfuate.

Tulifanya mwezi wa saba, asubuhi, ile baridi ya Dodoma ya upepo mkavu. Kuna mambo sikuyajua na nayaandika kwa anayefikiria kumwita tu mtu mwenye kisu. Dokta alisema punda asichukuliwe kama farasi mdogo, mwili wake unaimaliza dawa ya usingizi haraka, kwaiyo alikuwa na bomba la pili tayari pembeni. Mishipa ya damu ya punda pale ni minene kuliko ya farasi, kwaiyo kila upande alifunga kwa uzi kabla ya kukata, akavuta kuhakikisha, akafunga tena. Koleo la kubana la ng'ombe hakulitumia kabisa. Kidonda hakukishona, kinaachwa wazi kwa chini ili uchafu ushuke. Na kabla ya yote alimchoma sindano ya pepopunda. Tangu mtoto nasikia neno pepopunda kliniki kwa kina mama wajawazito na sijawahi kulisikiliza, kumbe hawa wanyama, punda na farasi, ndo ugonjwa huo unawaua vibaya kuliko karibu mifugo yote, mwili unakakamaa, masikio yanasimama, mkia unanyooka, na njia yake ya kuingilia ni kidonda kama hiki hiki. Ukihasi punda bila hiyo sindano unacheza na maisha yake.

Mpwa wangu alishika kichwa. Alikataa kuondoka. Mkono wake umeshapona ila alama ya bangili ipo.

Jioni ile Tajiri alisimama tu. Punda akiumwa halii, hagaragari, anasimama kimya na ukiwa hujui unasema katulia. Mabua ya mtama aliyapa kisogo, masikio yameshuka pembeni, jicho limefifia. Nilikaa naye na tochi ya simu mpaka chaji ikaisha. Kama saa nane usiku nikamletea maganda ya karanga kwenye sinia, akanusa, akaacha, akanusa tena, akachukua moja akalitafuna pole pole, halafu akaingiza mdomo wote kwenye sinia. Nikakaa chini palepale.

Kuanzia kesho yake anatembezwa asubuhi na jioni ili asivimbe, na wiki sita hakuna kukaribiana na jike, kwa sababu mbegu zilizotangulia bado zipo njiani na anaweza kutia mimba hata baada ya kuhasiwa. Tumemjengea kaboma ka miiba peke yake, mjomba ndo alikuja kukajenga, hakusema nilikwambia, alileta panga akaanza kukata miiba.

Wale wageni wawili nimewafuata kwao mwenyewe na baba, tumewaeleza kila kitu. Mmoja kakasirika kidogo, mwingine kauliza maswali mengi. Huyo mwingine tumemwelekeza kwa mzee mmoja upande wa Chamwino ana dume la miaka saba na zizi la magogo, tukamwambia kabla hujapatana bei omba uoneshwe ndugu zake na watoto wake, hasa madume. Na Hombolo nimerudi pia, nimemwambia mzee ukweli, kwamba yule jike wake akizaa dume ampapase mapema na ambaye korodani hazijashuka zote asimwache akawa dume wa mbegu. Mzee alinisikiliza akaniwekea zabibu kwenye mfuko. Neema baba kasema atapumzishwa, umri umeenda.

Mpwa wangu kila asubuhi akitoka kumtembeza Tajiri anachora mstari wa mkaa kwenye nguzo ya boma, tumemwambia ikifika 42 ndo anamrudisha kwa mama yake wakaenda korongoni pamoja. Jana nimefika nikahesabu, iko 23.